Lengai kabla na baada ya 2007

Sisi tuliokulia Butiama tumezoea mlima usiobadilika. Majabali ya Mwitongo yamekaa vilevile tangu enzi za babu zetu, na umri wake unazidi miaka bilioni 2. Ol Doinyo Lengai, nilioupanda mwaka 2005 nikiwa mwalimu kijana wa jiografia Bunda, ulikuwa kitu kingine kabisa.

Tuliondoka Engaresero usiku wa manane ili jua lisitukute njiani. Mlima una mita 2,962, na kipande cha juu hupandwa kwa mikono na miguu. Kulipopambazuka tukaingia ndani ya kreta yenyewe, maana miaka hiyo ilikuwa imejaa zaha hadi ukingoni, na tangu 1998 ilikuwa ikifurika nje. Tulitembea juu ya uwanja mweupe wenye vichuguu vya zaha vilivyokuwa vikikoroma. Kimoja kikatapika. Zaha ikateremka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, bila wekundu wowote machoni, kwani joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya zaha ya kawaida. Imejaa magadi, na hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa ya namna hiyo. Ikishapoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe.

"Mwalimu, kanyaga ninapokanyaga mimi," alinisisitizia kijana wa Kimasai aliyetuongoza. Nilimtii kwa kila hatua.

Julai 2007 ardhi ilitetemeka mpaka Nairobi wakasikia. Tarehe 4 Septemba mlima ukalipuka, na jivu likaendelea kurushwa hadi Aprili 2008. Wafugaji wa karibu ikabidi wahamishe mifugo. Niliporudi kileleni miaka kadhaa baadaye, ule uwanja haukuwapo tena. Palikuwa na shimo la kuta wima, kina chake zaidi ya mita 100. Nililala kifudifudi ukingoni nikachungulia, na kwa kweli niliumia, kama mtu aliyekuta nyumba aliyoijua imebomolewa.

Ila jivu hilohilo ndilo riziki. Nyanda za nyasi fupi za Serengeti zimetandikwa majivu ya Lengai na volkano wenzake, yenye kalisi na fosforasi, na ndiko nyumbu huzalia Februari kabla ya kuelekea ukanda wa magharibi, upande wetu wa Bunda. Nilifundisha volkano miaka mingi kwa mifano ya Italia na Hawaii. Sasa naanza na nyumbu hao, ambao watoto wanawajua.

Huwa wananiuliza kama Lengai utalipuka tena. Nawaandikia ubaoni 1917, 1940, 1966, 2007, kisha nawaambia kwamba zaha imerudi, na sakafu ya lile shimo inazidi kupanda.