Mzee Achanjaye Kuni wa Nyarugusu

Usikiapo jina la Nyarugusu usidhani ni ile ya Kasulu, Kigoma, yenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996. Hii ninayoisema ni Nyarugusu ya Geita, katika nchi ya dhahabu. Mgeni afikapo hupokewa na vumbi na kelele za makarasha yanayosaga mawe. Lakini sauti iliyoniamsha mimi alfajiri ilikuwa nyingine kabisa: ko! Kisha kimya kirefu, hata nikadhani imekwisha. Kisha ko! tena.

Nikatoka. Mzee mwenyeji wangu, aliyekuwa katekista miaka mingi, alikuwa akichanja kuni nyuma ya jiko. Amekwisha pita miaka 75. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba," nikanyosha mkono nipokee shoka. Akasema, "Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu, utazame."

Basi nikatazama. Hakuinua shoka juu ya kichwa kama wafanyavyo vijana. Aliligeuza gogo polepole, akatafuta nyufa zilizojifungua zenyewe kwa jua, kisha akaliacha shoka lishuke kwa uzito wake katika ufa ule ule. Gogo nene hakulipiga katikati. Alilimenya pembeni, kipande kwa kipande. Lenye fundo alilisukuma kando kwa mguu. Chini aliweka kipande cha kisiki, ili makali yasikutane na mawe. Shoka lenyewe ni la kienyeji, ambalo chuma chake kimepenya katika kichwa cha mpini, nalo kadiri unavyopiga ndivyo linavyozidi kukaza. Kati ya pigo na pigo alipumzika. Kile kimya nilichokisikia kitandani kilikuwa pumzi zake.

"Nilipokuwa kijana nilipasua kwa mikono," akaniambia. "Sasa napasua kwa macho." Zamani alichanja kuni za juma zima siku moja, siku hizi huchanja za siku moja tu, kabla jua halijawa kali.

Mkewe alikuwa akisikiliza jikoni, naye akatoka na habari ambayo mzee hakuitaja. Masika iliyopita shoka liliteleza juu ya gogo lililolowa, likamkata muundi. Akapelekwa kwa pikipiki kushonwa. Aliporudi, mkwe wao akalificha shoka. Nia yake ilikuwa njema, maana ni nani apendaye kumwona baba mkwe akivuja damu? Lakini mzee akanyamaza. Alikaa kitini mlangoni, chakula akikigusa tu, akijibu salamu bila kuinua macho. "Niliona ananifia mikononi, na kidonda kilikuwa kimekwisha pona," mama akasema. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitoa shoka mafichoni.

Wengine watamlaumu mama huyo. Mimi simlaumu.

Hata hivyo aliweka sharti: mzee asiguse kuni mbichi wala magogo yenye mafundo, hayo ni ya mjukuu. Mzee alikataa siku mbili. Ndipo akakumbuka somo alilolifundisha watoto mara nyingi, la Abrahamu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 22, Abrahamu alikuwa na vijana wawili wa kumtumikia, naye alikwisha pita miaka 100, lakini kuni za sadaka alizichanja mwenyewe. "Watu hukumbuka kisu, kuni huzisahau," akaniambia. "Tena tazama: za kupanda nazo mlimani alimtwika Isaka."

Isaka wa nyumba hii hufanya kazi katika maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko nako miti inatakiwa sana, maana kuta za shimo hushikiliwa kwa magogo waitayo matimba, na pasipo hayo udongo huwafunika watu. Baba yake mzee alihama Shinyanga miaka ya 1950, wakati Wasukuma wengi walipoijia Geita kutafuta ardhi. Anasema walikuta miyombo mpaka mlangoni, wakaikata kwa furaha ili walime. Leo gogo zuri latoka mbali na lauzwa kwa fedha. Kwa hiyo haharibu kitu: vibanzi huwashia moto, na magome huyaanika.

Jioni yule kijana alirudi, nguo zimejaa udongo mweupe. Hakuambiwa neno. Alinawa uso, akayachukua yale magogo mawili yenye mafundo, akayapiga kwa nguvu hata kuku wakakimbia. La pili lilimshinda. Mzee akainuka kitini, akainama, akaweka kidole mahali penye ufa mwembamba kama unywele, akarudi kukaa.

Kijana akapiga pale. Likafunguka.

"Hizi zatosha uji na maharage," mama akasema, akazibeba ndani.