Masikio ya Daktari wa Meno

Lubumbashi, Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo chumba cha mazoezi cha sisi wanafunzi wa udaktari wa meno kimejaa. Turbini za kutobolea meno zinalia kwa pamoja, huku mwenzetu anakwangua ugaga, kule vifyonza mate vinakoroma. Umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukakatika, jenereta ikawashwa chini ya dirisha. Turbini niliyopewa imechakaa beringi: ikizunguka hewani inapiga mluzi mkali, ikigusa jino mluzi unashuka, unakuwa mkwaruzo. Nimefika nyumbani Katuba masikio bado yanavuma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesoma hadi usiku. Turbini husukumwa na hewa iliyobanwa, nayo huzunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika. Kelele yake mara nyingi ni desibeli 70 hadi 90. Kiwango cha juu kinachofuatwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Basi siku moja ya kliniki si hatari kubwa. Ninachokiogopa ni miaka thelathini ya kazi hii, tena unaianza katika chumba ambamo mashine za wenzako nazo zinaingia sikioni mwako. Chembe za kusikia zikifa hazioti tena.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda Kamalondo kwa baba mkubwa, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga mawe mgodini. "Jambo, Papa!" Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega. Mama mkubwa anasema kwanza zilimpotea sauti za wajukuu; za wanaume alizisikia bado. Ndivyo uziwi wa kelele unavyoanza, kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, na mwenyewe hajijui. Mji huu unayajua masikio ya wachimbaji. Ya daktari wa meno hakuna anayeyauliza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwendea msimamizi wa kliniki. "Dokta, tunaomba vizibo vya masikio." Akasema hatutamsikia mgonjwa. Nikamweleza kwamba vipo vyenye kichujio, vinavyopunguza mluzi na kuacha maneno yapite. Nikaomba pia turbini zitiwe mafuta kila siku, beringi zibadilishwe, jenereta ihamishiwe nyuma ya jengo, na kila mwanafunzi apimwe masikio kabla hajaanza kliniki. Amekubali vizibo na mafuta. Kupima, amesema, kungoje. Hapo sikubaliani naye. Asiyepimwa mwanzoni hatakuwa na cha kulinganisha siku atakapoanza kupoteza usikivu. Jumatatu napeleka ombi kwa maandishi, na wenzangu wote nawaomba watie sahihi.