Kuchora Maua ya Mwituni: Ni Upuuzi au Ni Elimu?

 

Watu wengi hudhani kuwa mtu humkaribia Mola wake anapofumba macho tu. Lakini Qur'ani imetuhimiza mara nyingi tuyafumbue na tutazame: tutazame ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa. Na katika Sura Fatir imetajwa mvua inayoshuka, kisha matunda ya rangi mbalimbali yatokayo kwa mvua hiyo, kisha mistari ya milimani, myeupe na myekundu na myeusi sana, kisha watu na wanyama wa rangi zao. Na hapo hapo, baada ya kutajwa rangi zote hizo, ndipo tunapoambiwa kuwa wanaomcha Mwenyezi Mungu katika waja wake ni wale wenye elimu. Basi yatupasa tujiulize: kwa nini elimu na ucha Mungu vimewekwa ubavuni mwa rangi?

Nimeyatanguliza haya kwa sababu ya swali nililoulizwa hapa kwetu Manundu, Korogwe, na bwana mmoja jirani yangu ambaye binti yake husoma chuoni kwangu. Bwana huyu alimkuta binti ameketi barazani na rangi za maji, burashi, gundi na majani makavu, anatengeneza ukurasa wa maua ya mwituni katika daftari. Akalitwaa daftari, akaja nalo kwangu baada ya Isha. Akasema: "Shikamoo, sheikh. Mimi nimemleta mtoto kwako ajifunze dini. Haya mapicha ni ya nini? Kama ni haramu, daftari hili nalitia moto usiku huu huu. Na kama si haramu, basi ni upuuzi, na upuuzi nao siutaki."

Sikumkasirikia. Mzazi anayeogopa haramu kwa mwanawe ni mzazi mwema, na wazazi wa namna hiyo wamepungua. Lakini khofu bila elimu huweza kufunga mlango ambao sheria imeuacha wazi. Nikamkaribisha, tukanywa kahawa, nikamjibu mambo yake mawili moja moja. Na majibu hayo ndiyo ninayoyaleta hapa, kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Kwanza, juu ya haramu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, Mungu amridhie, akamwambia kuwa riziki yake yatoka katika kazi ya mikono, kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya adhabu ya wanaotengeneza sura za viumbe vyenye roho. Yule mtu akababaika, uso ukamgeuka rangi. Ibn Abbas alipomwona hivyo akamwonyesha njia: kama hana budi kufanya kazi hiyo, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi ya Muslim, ameeleza kuwa kuchora mti na mfano wake si haramu. Ametaja pia kuwa Mujahid alichukia mti wenye matunda, na akanakili kauli ya Kadhi Iyadh kuwa hakuna aliyesema hivyo ila Mujahid peke yake. Basi aliye mkali kabisa katika jambo hili amekataza mti unaozaa, na hata yeye ua la porini hakulitaja.

Na wazee wetu wa pwani hili walilijua na wakalifanya. Misahafu iliyoandikwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, imepambwa majani na vikonyo kwa wino mwekundu, mweusi na wa njano. Milango ya Lamu na Unguja imejaa maua ya kuchonga, na Waislamu waliingia na kutoka kwa milango hiyo wakienda kusali.

Ama chanzo cha haya madaftari ni mjukuu wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyenifundisha mimi babu yake, nami nikawafundisha watoto wa chuoni siku ya Alhamisi, wakisha kudurusu. Lakini rangi ya maji haikuwa ngeni kwangu. Sisi tuliosoma zamani twaujua wino wa masizi ya mchele juu ya ubao, na twaijua zafarani iliyoyeyushwa kwa maji ya waridi kuandikia kombe. Mkono uliozoea kalamu ya utete haupati taabu kushika burashi.

Sasa nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, kwani aliye mbali na jambo hulihukumu kwa jina lake.

Baada ya mvua, watoto hutoka na kutafuta kando ya tuta la reli, mipakani mwa mashamba ya mkonge, na njia ziendazo mtoni. Kila mtoto huchuma tawi moja tu la kila aina, na haruhusiwi kung'oa mzizi. Kishona nguo wote twamjua kwa mbegu zake zinazong'ang'ania kanzu, lakini waulize watu ua lake lina petali ngapi, uone watakavyonyamaza. Kuna kifauongo, ajifanyaye amekufa anapoguswa, na ua lake la rangi ya waridi la mviringo kama kishada cha tarbushi. Kuna mgagani tunaoula na tusioutazama. Kuna lile jani litambaalo tunalowapa sungura, lenye ua dogo la buluu lifungualo asubuhi na kujikunja mchana. Anayetaka kulichora na aamke mapema.

Tawi moja huchorwa bichi, na la pili hukaushwa baina ya magazeti. Juu yake twaweka matofali mawili. Si msahafu wala kitabu cha elimu. Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka jani likauke, ama sivyo huota ukungu.

Karatasi hupakwa kwanza maji matupu kwa burashi pana, kisha huguswa kwa rangi nyepesi nayo rangi ikaenea yenyewe kama wingu. Hiyo ndiyo mbingu ya ukurasa. Sharti uingoje ikauke. Ukiharakisha, rangi ya pili huingia ndani ya ile ya kwanza na yote huwa tope. Kisha huja rangi za petali, kutoka iliyo hafifu kwenda iliyo kali, kwa kuwa rangi ya maji ukisha kuikoleza huwezi kuirudisha. Na ajabu ya kazi hii ni kuwa weupe hauwekwi, huachwa: petali nyeupe ni karatasi yenyewe ambayo mkono umejizuia usiiguse. Nimewaambia watoto kuwa na ulimi ni hivyo hivyo. Maneno mengi mazuri ya mtu ni yale aliyojizuia kuyasema.

Palipo na njano twatumia manjano ya jikoni yaliyokorogwa, ingawa rangi yake hupauka juani, na kwa hiyo daftari hufungwa na kuwekwa sandukuni. Likisha kauka, lile jani la pili hubandikwa ubavuni mwa picha kwa gundi ya wanga wa muhogo. Mwisho huandikwa kwa wino: jina la ua kwa Kiswahili, jina lake kwa Kizigua au Kisambaa kama yuko wa kulitaja, mahali lilipookotwa, tarehe, na lina kazi gani. Majina tunayaandika kwa hati zote mbili, ya Kiarabu na ya Kizungu, ili mtoto asikae na mkono mmoja.

Siku moja mjukuu wangu alitaka kumchora nyuki juu ya ua. Nikamwambia, huyo mwache, ana roho. Wewe chora lile vumbi la njano aliloliacha juu ya petali. Akalichora, na kila anayetazama anajua nyuki amepita.

Sasa lile neno la pili la jirani yangu, kuwa ni upuuzi. Nilimsimulia khabari za Rashid al-Din al-Suri, tabibu mzaliwa wa mji wa Sur katika Sham, aliyeishi zama za wafalme wa Kiayubi katika karne ya saba ya Hijra. Ibn Abi Usaybi'a, tabibu aliyekusanya tarikh za matabibu, ameeleza kuwa mtu huyu alikwenda milima ya Lebanoni akifuatana na mchoraji mwenye rangi za kila namna. Akifika penye mmea, huutazama na kuuhakikisha, kisha humwonyesha mchoraji, naye akachora rangi yake, kadiri ya majani yake, matawi yake na mizizi yake. Wala hakuridhika na mara moja. Alimwonyesha mmea ungali mchanga, kisha ulipokomaa na kutoa mbegu, kisha uliponyauka, ili msomaji autambue katika hali yo yote atakayoukuta. Hii ndiyo kazi ya watoto wetu, nayo ilifanywa na tabibu Mwislamu karibu miaka 800 iliyopita.

Na sisi tulipoacha kutazama, walitazama wengine. Katika misitu ya Usambara huota katika mawe yenye unyevu na kivuli ua dogo la zambarau. Mkuu wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani mwaka 1892. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliandika vitabuni na kuliita Saintpaulia kwa jina la watu hao wawili. Leo huuzwa katika vyungu madukani Ulaya na Marekani, na aina zake nyingine zimo khatarini huku kwetu kwa sababu ya kukatwa misitu. Simlaumu aliyeliandika. Alitazama, akaandika. Wa kuulizwa ni sisi tuliozaliwa nalo.

Twajua kuhesabu kilicho na bei. Mwaka huo huo wa 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ikafika hai 62, na hesabu hiyo yatajwa mpaka leo. Lakini mimea iliyokuwako hapa kabla ya mkonge, nani ameihesabu? Iko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Jirani yangu alinyamaza. Nikamwambia: "Basi usinisadiki mimi. Nenda nalo daftari kwa mama yako, ambaye ni Mzigua wa asili, umsomee." Siku ya pili akanieleza yaliyotokea. Mama yake haoni vizuri tena, kwa hiyo mtoto alimtia majani makavu mkononi moja moja. Alipofika kwenye ua moja jekundu lenye kingo za njano, ambalo petali zake hugeuka juu kama ndimi za moto, bibi alipapasa ncha ya jani, akaikuta imejikunja kama ukucha. Akauliza kwa ukali: "Hili mmelichimba?" Wakamwambia la. Akawaambia kuwa mzizi wa mmea huu wafanana na kiazi, na ni sumu inayoua; katika miaka ya njaa, watu walipochimba ndiga porini, wazee walisimama kuwaonyesha vijana jani hili ili wasidanganyike. Na hiyo ndiga yenyewe ilikuwa lazima ilowekwe siku kadhaa kabla ya kupikwa.

Jirani yangu akaniambia: "Sheikh, mimi ni mtu mzima, na jambo hili mama hakupata kuniambia." Nikamwuliza: "Wewe ulipata kumwuliza?" Hakunijibu. Lakini tangu siku ile binti huketi na bibi yake kila Alhamisi, bibi akitaja na mtoto akiandika. Na jirani yangu bado ni mkali juu ya picha za viumbe vyenye roho, nami niko pamoja naye.

Kwa hivyo, ndugu wazazi, nasema hivi. Mnunulieni mtoto daftari la karatasi nene na kisanduku cha rangi. Thamani yake ni ndogo kuliko vitu vingi mnavyomnunulia siku ya Idi. Mwekeeni mipaka mitatu: asichore chenye roho, kazi isimpitishe wakati wa sala, na asionje mmea asioujua. Na wale wenye wazee majumbani, mtoto asibandike jani hata moja kabla ya kuwauliza jina lake. Tusingoje mpaka matanga ndipo tuseme kuwa marehemu alikuwa akijua mengi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoona alichokiumba, awape wazee wetu afya ya kukumbuka, na awape watoto wetu subira ya kuuliza na kuandika. Amin.