Sauti Nyuma ya Pazia

Sisi wa ukingo wa Ziwa Tanganyika hatujui Kihindi. Hata hivyo, hapa Mulongwe wako wazee ambao, wakisikia wimbo mmoja wa sinema za kale za Kihindi, huiacha kazi mkononi na kuuimba hadi mwisho, pasipo kufahamu maana ya neno hata moja. Baba yangu, aliye seremala, ni mmoja wao. Zamani, kila alipokwenda Bujumbura kununua misumari, alipita mtaa wa Waasia kutafuta kaseti, na jioni nyumba nzima ilisikiliza. Ndugu zetu wa Mombasa walikwenda mbele zaidi: marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizitia tuni za namna hiyo mashairi ya Kiswahili, akapendwa sana pwani.

Lakini je, ni nani hasa aliyeimba? Katika filamu Awara ya mwaka 1951, uso tunaouona ni wa Raj Kapoor, kumbe sauti ni ya mtu mwingine, Mukesh. Mwimbaji aliimba kwanza katika chumba cha kunasia sauti. Baadaye mchezaji alichezesha midomo mbele ya kamera. Hivyo uso ulipata sifa kwa kazi ya koo la mwenziwe.

Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Waimbaji hao walicheza kwao, ila hawakutunzwa upesi. Mwaka 1949 Lata Mangeshkar, kijana wa miaka ishirini hivi, aliimba katika filamu Mahal. Santuri ilipotoka haikuandikwa jina lake, bali jina la Kamini, msichana wa katika hadithi. Wasikilizaji wakaiuliza redio mwimbaji ni nani, hata jina lake likatangazwa. Mwaka 1957 aliombwa kuimba katika sherehe ya tuzo za Filmfare. Alikataa, kwa sababu watunga tuni walituzwa, lakini waimbaji hawakuwa na tuzo yao. Mwaka 1959 tuzo hiyo ikawekwa, naye akawa wa kwanza kuipata. Lata alifariki mwaka 2022, na dunia nzima ilimjua.

Walakini nyuma ya mwimbaji walikaa wengine waliofichika zaidi, yaani wapiga fidla, tarumbeta na vinanda. Wengi wao walikuwa Wakatoliki kutoka Goa, nchi iliyotawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961. Huko, shule za parokia ziliwafundisha watoto kusoma noti na kupiga fidla, ili wahudumie ibada. Walipokwenda Bombay kutafuta riziki, elimu hiyo ikawa chakula chao. Watunzi wengi wa tuni hawakuandika noti. Mgoa kama Sebastian D'Souza ndiye aliyezipanga na kumwandikia kila mpigaji sehemu yake. Anthony Gonsalves wa kijiji cha Majorda alimfundisha fidla kijana Pyarelal, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri. Mwaka 1977, katika filamu Amar Akbar Anthony, jina la mwalimu huyo likaingizwa katika wimbo ili kumheshimu. Huyu walau alikumbukwa na mwanafunzi wake. Wenzake wengi hawakuandikwa popote.

Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, uliua watu na kubomoa nyumba nyingi. Kwetu ulichukua sanduku la kaseti. Baba hakulalamika, maana majirani walikuwa wakizika wapenzi wao. Siku hizi nyimbo zile zinapatikana katika simu, nasi twashukuru. Lakini mara nyingi huonekana jina la filamu na sura ya mchezaji tu. Pazia limeshuka tena.

Juzi mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba wazazi wanataka aache somo la noti, kwa kuwa halileti unga nyumbani. Sikumlaumu, wala sikuwalaumu wazazi, kwani unga ni ghali kweli. Nilimsimulia habari za watoto wa Goa, ambao walimu wao wa parokia hawakuwahi kusifiwa katika sinema yoyote. Noti walizofundisha kijijini zilivuka bahari, zikavuka na ziwa hili, zikaingia nyumba za watu wasiojua hata Goa iko wapi. Mwalimu hajui mbegu yake itaota wapi.

Basi, ndugu zangu, kwaya ikisha kuimba Jumapili, msimsifu mwimbaji wa mbele peke yake. Ulizeni ni nani aliyetunga, ni nani aliyenakili noti usiku kwa mwanga wa taa, ni nani aliyewafundisha wadogo sauti ya pili. Kisha yaandikeni majina yao katika daftari, nao wangali hai.