Nilimfukuza utingo, kumbe mwizi ni rejeta!

Leo unisamehe, sina stori ya disko wala ya mchumba aliyeniingiza mjini. Nina langu la rohoni. Limenikaa tangu Aprili 1996, na kila nikiona lori limefunuliwa boneti kando ya barabara, linanipanda upya.

Mwaka ule mzee alianguka kiharusi, nami nikatolewa Dar mkukumkuku kwenda Tukuyu kusimamia lori lake la tani 7. Umri miaka 22, raba mtoni mguuni, kila kiwanja cha Kinondoni nakijua, lakini injini siijui hata oili inapitia wapi. Kazi ilikuwa kushuka Kyela kuchukua mchele, kupanda nao mpaka Tukuyu, kuongeza ndizi, halafu haooo, Mbeya mjini. Suka alikuwa mtu mzima, namwita mjomba. Utingo alikuwa kijana wa Kiwira, rika langu kabisa, ila ananiita "bosi". Nami, sifichi, nilikuwa nasikia raha.

Basi bwana, lori likaanza kuchemsha. Siyo kila siku, hilo ndilo lililotuvuruga. Likilala, asubuhi maji yako palepale. Likipanda kutoka Kyela limeshiba mzigo, mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu. Tukichungulia chini, hakuna tone. Na hata lingekuwepo tungelionaje? Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo yenyewe. Boneti linachuruzika, ndizi zinachuruzika, binadamu wanachuruzika. Kutafuta tone la rejeta pale ni kutafuta chozi la samaki.

Washauri hawakukosekana. Mmoja akasema tia bizari, mwingine ute wa yai. Tukatia vyote, nusura tukaange. Safari mbili lilitulia, ya tatu likarudia uchafu wake.

Siku ya siku, kabla hatujafika Ushirika, likachemka na magunia 70 mgongoni. Nikawaka kuliko injini. Kujaza maji ni kazi ya nani? Ya utingo. Nikamwambia analala, hajazi, anataka kuua gari la mgonjwa. Akanijibu taratibu, "Bosi, nimejaza. Nimeandika." Akatoa kidaftari cha shule kimelowa pembeni. Sikukigusa. Nikamhesabia pesa ya siku tatu, nikamwambia ashuke. Mvua inanyesha, wee! Mjomba suka alikaza macho kwenye waipa kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Tulijikokota hadi kwa fundi mmoja mzee, Tukuyu mjini. Hakushika spana. Alichomoa kwanza stiki ya oili, akaitazama. Haikuwa na rangi ya maziwa. Akaliacha injini lipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akawasha na kuchungulia mdomoni: hakuna mapovu yanayobubujika. Moshi nao haukuwa mweupe. "Gasketi ya hedi nzima," akasema. "Maji yanatoka nje. Nani huwa anajaza?"

Nikanyamaza. Mjomba akainama chini ya siti, akatoa kile kidaftari. Jamaa alikiacha.

Fundi akavaa miwani. Utingo wangu alikuwa ameandika kila safari kwa chupa za soda. Kulala Tukuyu: 0. Mbeya kwenda Tukuyu: 1. Kyela kupanda Tukuyu: 6, 7, siku moja 9. Wiki tatu nzima, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mzee akacheka. "Huyu kijana kashamaliza kazi yangu. Likipoa halivuji. Likipata joto na mzigo ndiyo linavuja."

Akanieleza kama mtoto wa chekechea. Kifuniko cha rejeta kinabana presha ili maji yapite joto la kawaida la kuchemka bila kuchemka. Sasa kama kuna ufa mwembamba, baridi unabana, joto na presha vinauachamisha. Maji yanatoka kama mvuke, feni inayapuliza, chuma cha moto kinayakausha. Tone utaliona wapi? Kutoka Kyela hadi Tukuyu unapanda kama mita 1,000, injini inakabwa njia nzima. Na presha ikishatoroka, hapo Tukuyu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, siyo 100.

Wakaishusha rejeta. Wakaziba midomo yake kwa mpira wa tyubu, wakaizamisha kwenye pipa la maji, kijana akapuliza upepo polepole kwa pampu ya baiskeli. Kimya. Mzee akaagiza maji ya moto, akaijaza ndani, wakarudia. Ndipo viputo vikaanza kupanda, vidogo kama mbegu za nyanya, pale tangi la juu linapoungana na matundu. Ufa ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Rejeta ilikuwa ya shaba nyeupe na nyekundu, za zamani zile, kwa hiyo akausafisha akauziba kwa risasi ya kulehemu. (Nyie wenye magari ya siku hizi yenye tangi la plastiki, msijidanganye, hilo ukiona ufa badilisha. Na maji yenye rangi yana faida yake, hukauka yakaacha alama ya kijani au ya pinki. Ila usifungue kifuniko cha moto, utabandua uso.)

Kesho yake nikaenda Kiwira na mshahara wake wa mwezi mzima kwenye bahasha. Mama yake akanikaribisha vizuri mno, chai na ndizi, nikazidi kuona aibu. Nikamwomba msamaha mbele yake. Akaipokea bahasha, akaniambia "ndaga". Kisha akauliza swali moja tu, "Sasa kwa nini hukusoma?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba arudi, akasema atafikiria.

Mwezi wa sita nilimwona Kasumulu, yuko juu ya semi la watu wengine, anakaza turubai. Alinisalimia vizuri tu, akacheka. Ila hakuniita bosi. Aliniita jina langu.