Waya Ulipoondoka: Usikilizaji wa Masikioni Shinyanga na Geita

Spika za masikioni zisizo na waya, zile ndogo zinazokaa ndani ya kikasha na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth, zimefika Shinyanga na Geita baada ya safari ndefu. Usikilizaji katika ukanda huu ulianza na redio iliyosikika na majirani wote, ukapita kwenye kaseti na simu ya kitochi, ndipo ukaingia ndani ya sikio la mtu mmoja. Kila hatua ilileta kitu na kuondoa kingine. Anayetaka kununua spika hizo kwa bei nafuu hana budi kujua waya ulipoondoka uliondoka na nini.

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Usukumani redio iliingia kwa fedha za pamba. Msimu ukienda vizuri, mkulima wa Shinyanga alinunua baiskeli, kisha redio, na mara nyingi viwili hivyo vilitembea pamoja: redio imefungwa mbele kwenye usukani, sauti juu, mwenye nayo anaelekea mnadani au gulioni. Iliendeshwa kwa betri kubwa za National zilizotengenezwa Dar es Salaam. Betri zilipoanza kuchoka zilitolewa na kuanikwa juani, juu ya bati au jiwe, na joto liliziamsha kwa muda kidogo, pengine kumaliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Redio ilikuwa mali ya mtu, lakini mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, matangazo ya vifo na salamu vilisikilizwa na yeyote aliyekuwa karibu. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa.

Sony ilitoa Walkman ya kwanza Julai 1979, miaka ambayo Tanzania ilikuwa katika uhaba hata wa sabuni. Masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa mwaka 1984, na katika utawala wa Ali Hassan Mwinyi ulioanza mwaka uliofuata, redio kaseti na wokmeni zikaanza kuonekana madukani. Wokmeni ilikuwa na hedifoni nyepesi zenye sponji, na ilibaki kitu cha wachache. Kwa wengi kaseti iliendelea kuchezwa kwenye redio kubwa ya nyumbani au dukani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mambo mawili yaliyofuatana. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio Free Africa ya Mwanza ikawa sauti ya kila siku ya Kanda ya Ziwa. Kisha dhahabu: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Kandokando ya migodi hiyo, na mahali pengine miaka mingi kabla yake, walikuwapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Vijana waliotoka kwenye mashamba ya pamba na mpunga walikwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, nao walikuwa na fedha mkononi na usiku mrefu wa kambini. Kahama na Katoro zikakua na kuwa miji ya biashara. Mitandao ya simu za mkononi nayo ilikuwa inaenea katika miaka hiyohiyo.

Simu ya kitochi yenye redio ya FM ndiyo iliyomfanya mchimbaji awe na redio mfukoni. Ilikuja na iafoni ya waya, na simu nyingi zilikataa kufungua redio mpaka iafoni ichomekwe. Sababu yake ni ya kifizikia. Mawimbi ya FM, kati ya megahezi 88 na 108, yana urefu wa karibu mita tatu, na ndani ya simu hapakuwa na nafasi ya antena ya kuyanasa. Waya wa iafoni, wenye urefu wa mita moja na kitu, ndio uliofanya kazi hiyo. Kwa hiyo waya wa bei ndogo ulikuwa njia ya sauti na antena kwa wakati mmoja. Mtu aliyekaa Rwamgasa alisikiliza mpira wa Simba na Yanga mpaka dakika ya mwisho bila vocha. Nyimbo za Kisukuma na Bongo Fleva aliingiziwa kwenye memori kadi kwenye kibanda chenye kompyuta, au alirushiwa na rafiki kwa Bluetooth. Teknolojia iliyokuja kuuondoa waya ilianza kuzoeleka vijijini kwa kurushiana nyimbo.

Mwaka 2016 unafaa kukumbukwa kwa mambo mawili. Usiku wa Juni 16, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba za utambulisho za IMEI. Desemba, Apple ilianza kuuza AirPods, miezi michache baada ya kuondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7. Viwanda vya China vikafuata upesi kwa maumbo kama hayo. Miaka michache baadaye spika ndogo nyeupe, na baadaye nyeusi zenye kikasha kinachoonyesha asilimia za chaji, zilikuwa zinapangwa kwenye meza za machinga Kahama, Geita mjini na Shinyanga. Mambo hayo mawili yanahusiana kwa njia inayomgusa mnunuzi. Simu ina IMEI inayoweza kuhakikiwa na kuzimwa, lakini spika ya masikioni haina. Tume ya Ushindani hupambana na bidhaa bandia na Shirika la Viwango hushughulikia ubora, ila mezani kwa muuzaji mnunuzi hubaki na macho na masikio yake.

Jambo la kwanza la kupima katika ukanda huu ni vumbi. Watu wengi huuliza mlio wa besi kwanza, na hilo ni kosa la mpangilio, kwa sababu spika yenye mlio mzuri isiyohimili kiangazi cha Geita itapoteza mlio huo mapema. Alama ya IP kwenye boksi ina nafasi mbili. Ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji. Spika nyingi za bei nafuu huandikwa IPX4 au IPX5. Nne humaanisha zinahimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, jambo linalotosha kwa jasho na manyunyu, na tano humaanisha zinahimili mchirizi wa maji. Herufi X humaanisha kwamba kinga ya vumbi haikupimwa au haikutajwa. Kwa mkimbiaji wa mji wenye hewa safi, X si kitu. Kwa mtu anayepita barabara ya changarawe nyuma ya malori, au anayeishi jirani na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu kuwa unga, X hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye boksi. Inayofaa kutafutwa ni IP54 au IP55. Hata hiyo kwa kawaida huhusu vipande vinavyoingia masikioni, mara chache sana kikasha.

Vumbi huharibu mahali pawili, na pote panaonekana kwa macho. Pa kwanza ni wavu mdogo wa chuma kwenye mdomo wa spika. Nta ya sikio hukutana na unga wa mawe, hugandamana, na upande mmoja huanza kusikika kwa mbali. Baadhi ya spika zinazotupwa kwa kudhaniwa zimekufa zina tatizo hilo tu. Mswaki laini na mkavu, spika ikiwa imeelekezwa chini ili uchafu udondoke, hutosha kuirudishia sauti. Pa pili ni vile vinukta vya shaba ambavyo kikasha hupitishia chaji. Jasho lina chumvi. Spika ikirudishwa kikashani ikiwa na jasho, chumvi hubaki kwenye vinukta, hufanya ukungu wa kijani, na siku moja upande wa kushoto unakataa kuchaji. Kufuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga kifuniko ni kazi ya sekunde chache, na huongeza maisha ya spika.

Kwa mazoezi, umbo hupewa uzito zaidi ya chapa. Vikundi vya jogging vimeenea Shinyanga na Geita, na asubuhi za mwisho wa wiki hukimbia kwenye lami kabla jua halijakolea. Spika za aina ya kwanza huziba tundu la sikio kwa mpira wa silikoni, na boksi zuri huwa na mipira ya saizi tatu. Mpira unaokaa vizuri huleta besi na huzuia spika isidondoke. Mpira mdogo mno hupoteza vyote viwili, na mnunuzi hulaumu spika. Aina ya pili hukaa mlangoni mwa sikio bila kuziba. Hiyo hudondoka kwa urahisi mtu anapokimbia, besi yake ni hafifu, lakini humwachia mkimbiaji nafasi ya kusikia honi ya bodaboda inayotoka nyuma. Barabara nyingi za huku hazina njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo kusikia honi ni jambo la uhai. Anayependa aina inayoziba akimbie na kipande kimoja tu. Spika nyingi za sasa hukubali kutumika upande mmoja, na kingine hubaki kinachaji.

Kukatikakatika kwa sauti wakati wa kukimbia kuna chanzo kinachojulikana. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kulia na spika inayopokea iko sikio la kushoto, mwili wote umesimama kati yao. Jaribio la dukani ni rahisi: simu iwekwe mfuko wa nyuma, mtu atembee, ageuze shingo, aruke kidogo. Spika inayokwama hapo itakwama zaidi barabarani.

Maandishi ya boksi yanahitaji tahadhari. ENC na ANC huonekana kama kitu kimoja, lakini ya kwanza husafisha sauti ya mzungumzaji inapoingia kwenye maikrofoni, ili anayepigiwa asisikie kelele za upande wa pili. Haimpunguzii kelele mwenye spika. ANC ndiyo inayopunguza kelele masikioni, na huhitaji maikrofoni na uchakataji wa ziada, hivyo kwenye spika za bei ya chini kabisa mara nyingi neno hilo ni la kupamba boksi. Namba za betri nazo hukuzwa. Kipande kimoja cha sikioni kwa kawaida hubeba mAh 30 hadi 50, na kikasha mAh 300 hadi 500. Kikasha cha 300 hujaza vipande viwili vya 35 karibu mara tatu, umeme unaopotea njiani ukihesabiwa. Vipo vikasha vilivyoandikwa 2000 au zaidi. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho peke yake huwa na uzito wa takriban gramu 35 hadi 45. Geita na Katoro hakukosekani mizani ndogo za wanunuzi wa dhahabu; kikasha chepesi kuliko hapo, pamoja na plastiki na spika zake zote, hakina betri hiyo.

Kuna kelele ambazo spika hizi hazipaswi kupambana nazo. Karasha huzidi desibeli 85, kiwango kinachochukuliwa kuwa mpaka wa usalama kwa saa nane za kazi. Anayesikiliza muziki hapo hulazimika kuupandisha juu ya mtambo, na sikio lake hubeba vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa hizo hushuka hadi nne. Mpira wa silikoni wa spika hauchukui nafasi ya kizibo cha masikio cha kazini. Ndani ya duara marufuku iwe kamili. Uhai wa aliye chini unategemea kusikia mwenzake wa juu akiita, kamba ikilia, au magogo yanayozuia kuta yakianza kupasuka.

Waya uliondoka na mambo matatu. Haukuhitaji chaji, spika mpya zinahitaji, katika kambi ambazo umeme hutoka kwenye paneli ndogo au jenereta. Ulikamata kipande kilichochomoka sikioni. Sasa kipande kikidumbukia kwenye duara au shimo la choo kimekwenda, na kukioanisha kilichobaki na kingine cha mtaani ni kazi inayowashinda mafundi wengi. Na ulikuwa antena. Mwenye spika za Bluetooth anayetaka FM ya simu yake bado atachomeka waya, au atasikiliza kituo hicho kwa bando la intaneti. Ndiyo maana wengi waliohamia spika mpya wamehamia pia kwenye nyimbo na mahubiri yaliyohifadhiwa ndani ya simu, na redio wamebaki kuisikia kwenye daladala na kwa vinyozi.

Hivyo msikilizaji wa mpira na taarifa ya habari aliyeko kambini atapata zaidi kwa iafoni ya waya ya shilingi elfu chache. Mkimbiaji, fundi, mwanafunzi na mtu wa simu nyingi wanahudumiwa vema na spika zisizo na waya, mradi ziwe na alama ya vumbi, mipira ya saizi tatu na uwezo wa kutumika upande mmoja. Za bei ya chini kabisa, zenye jina la chapa kubwa kwa robo ya bei yake, ni bora kuziacha, kwa sababu betri zake ndogo hufa kwanza na hazibadilishiki. Mnunuzi afungue boksi papo hapo, aunganishe na simu yake mwenyewe, apige simu moja, asikilize kila upande peke yake, na asiondoke bila risiti ya EFD.