Alichukua Hela ya Tiketi ya Mama Mkwe Akanunua Sinki, Kilichokutwa Chini Yake Kikawanyamazisha Wote

Wapo wanawake wanaoota gari, wapo wanaoota safari ya Dubai. Dada huyu alikuwa anaota sinki.

Usicheke kwanza. Ni Mtanzania, mtoto wa Tanga, nesi katika mji wa Reading, Uingereza. Yeye na mumewe walibana matumizi miaka minne mpaka wakapata nyumba yao ya kwanza, zile za matofali mekundu zilizoungana ukuta na majirani, ya tangu enzi za Malkia Victoria. Imejengwa 1896. Madirisha marefu, sebuleni kuna mahali pa kuwashia moto, raha tupu. Ila jikoni kulikuwa na sinki la chuma, jembamba, limebonyea upande mmoja. Sufuria ya pilau ilikuwa haiingii mpaka uiinamishe.

Usiku, mkono mmoja ameshika chupa ya mtoto, mkono mwingine simu, akawa anaskroli picha za jiko. Kila picha ina sinki lilelile: jeupe pe, nene, la mstatili, uso wake umechomoza mbele ya kabati. Waingereza wanaliita Belfast. Ni udongo wa mfinyanzi unaochomwa kwenye tanuru ukawa mgumu kama jiwe. Inasimuliwa kwamba Belfast walikuwa na maji tele, ndiyo maana sinki lao lina tundu la kutolea maji yakizidi, wakati lile la London halina kwa sababu maji yalikuwa ya kubana. Dada alikuwa anayajua yote hayo. Lilikuwa limeshamwingia kichwani.

Akamwambia mumewe. Jibu likawa fupi: "Mama watoto, sinki ni sinki. Mama aje kwanza, halafu tuzungumze sinki."

Mama anayetajwa ni mama mzazi wa mume. Yuko Muheza, hajawahi kumshika mjukuu wake mwenye miezi saba. Walikuwa wanamwekea hela ya viza na tiketi kidogo kidogo, mwaka mzima, zikafika pauni 1,400. Hela ilikaa kwenye akaunti ya pamoja.

Siku moja ikatokea ofa. Sinki lilelile, pauni 260. Mume ni dereva wa lori la masafa, yuko barabarani siku nne. Dada akapiga hesabu: shifti tatu za usiku, hela inarudi kabla mtu hajajua. Akabonyeza kununua.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu bei ya sinki hili si bei ya sinki.

Fundi alikuja kuangalia, mzee wa Kiingereza wa miaka sitini na kitu, mtaratibu. Akamweleza hivi: sinki peke yake lina karibu kilo 45, likijaa maji ni kama mtu mzima amesimama ndani. Kabati lile la zamani halibebi, lazima ijengwe fremu ya mbao chini yake. Kaunta yao ni ya mbao za maranda zilizobandikwa plastiki juu. Kwa sinki hili kaunta inakatwa na ule mkato unabaki wazi, maji yanaingia, inavimba kama mkate kwenye chai. Kwa hiyo inatakiwa kaunta ya mbao ngumu au ya jiwe. Halafu sinki hili halina tundu la koki, kwa hiyo koki nayo inanunuliwa mpya, ya kufungwa kwenye kaunta au ukutani.

Kitu kimoja fundi alikataa katakata: kukata kaunta kabla sinki halijafika. Udongo ukichomwa unasinyaa, kwa hiyo vipimo vya kwenye tovuti na vya sinki lenyewe vinaweza kupishana milimita kadhaa. Unapima lililo mbele yako, siyo la kwenye picha.

Pauni 260 zikawa 1,150. Dada akasema moyoni, liwalo na liwe, nimeshaingia. Akazitoa.

Siku ya kazi mume hayupo, mtoto amelala juu. Fundi akang'oa kabati la zamani, akainama na tochi. Kimya. Akachukua bisibisi, akakwangua bomba lililotoka sakafuni. Lilikuwa la kijivu, laini, na pale alipokwangua pakang'aa kama fedha.

"Haya maji ndiyo mnayomchanganyia mtoto maziwa?"

Bomba lilikuwa la madini ya risasi.

Nyumba za Uingereza zilizojengwa kabla ya 1970 zinaweza kuwa nayo, hasa kile kipande kinachotoka barabarani mpaka koki ya jikoni. Maji yakilala ndani ya bomba usiku kucha, risasi inaingia kidogo kidogo. Huioni, huinusi, haina ladha. Na wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Dada ni nesi, hakuhitaji kufafanuliwa. Chupa ya saa kumi na moja alfajiri, maji ya kwanza ya siku, alikuwa anaichanganya yeye kwa mikono yake.

Akakaa chini sakafuni, katikati ya vumbi, akampigia mumewe. Simu moja, habari mbili: kuna sumu kwenye maji, na nimejua kwa sababu nimetumia hela ya mama.

Upande wa pili kimya kirefu. Kisha: "Mtoto yuko wapi?"

Wakampeleka mtoto kwa daktari, akatolewa damu. Siku za kusubiri majibu hakuna aliyetaja sinki. Maji ya kunywa yakawa ya dukani. Majibu yalipotoka, kiwango kilikuwa kidogo, hakihitaji dawa, ila apimwe tena baadaye. Wote wawili walilia ndani ya gari, kila mmoja anaangalia dirisha lake.

Bomba likabadilishwa. Kipande cha barabarani kampuni ya maji ilikibeba, cha ndani ya eneo lao ni juu ya mwenye nyumba. Akaunti ikabaki nyeupe kama sinki lenyewe.

Halafu ndiyo ugomvi ukaja. Ulisubiri mtoto awe salama kwanza.

Dada alikuwa na utetezi mdomoni: bila sinki tusingejua. Mume akamuwahi. "Usiniambie sinki limemwokoa mtoto. Bomba lile hata mtu angekuja kupima maji angeliona. Mimi sina shida na ulichokikuta. Nina shida na ulichonificha." Akalala sebuleni wiki mbili.

Utetezi ule hakuutoa tena. Alichofanya ni kumpigia mama mkwe mwenyewe, bila kumtuma mtu. "Shikamoo mama." Akasema yote, hakupunguza. Mama alinyamaza, akauliza kwanza kama mjukuu ni mzima. Kisha akasema: "Mwanangu, ungeniambia unataka sinki ningekwambia nunua, mimi nitakuja mwakani. Lakini ungeniambia."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi.

Shifti za usiku zikafuata, siyo tatu, ni nyingi mpaka akaacha kuhesabu. Mume alikuwa anaona hela inaingia kwenye ile akaunti kila mwezi. Taratibu akarudi chumbani. Hakuna aliyetoa hotuba.

Mama akafika, miezi minane baada ya tarehe ya kwanza. Akambeba mjukuu siku nzima, kashaanza kutembea. Jioni akaingia jikoni, akalizunguka lile sinki, akaligonga kwa kidole. "Hili la vyombo, au la kuogeshea mtoto?" Wakacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza wakilizungumzia.

Akaanza kuosha vyombo. Glasi ya kwanza ikagonga chini, ikapasuka, maana udongo ule haubonyei kama chuma. Na sinki ni refu kwenda chini, mgongo ukaanza kumuuma kwa kuinama. Kesho yake akatoka na mwanawe, akarudi na beseni la plastiki la bluu, pauni tatu, akalitia humo ndani. Vyombo havivunjiki, maji hayapotei, mgongo haulalamiki. Waingereza wengi nao wanaweka beseni kwenye sinki, kumbe mama alikuwa anajua bila kuambiwa.

Mama alisharudi Muheza. Beseni bado limo, linaharibu kabisa ile picha aliyoiota dada. Hajawahi kulitoa, na hajawahi kuliposti lile sinki.

Haya, ungekuwa wewe ndiye mume, mtoto mzima, bomba limebadilishwa: ungesamehe siku ileile, au na wewe ungelala sebuleni?